Shimo la Taka na Kisima cha Baba

Baba alipofariki, mama alimchimbia kisima. Kwetu Bagamoyo mwenye uwezo huacha msikiti, asiye nao huacha kisima, na kila anayekunywa, thawabu humfikia maiti huko aliko. Mama aliuza bangili zake za fedha, akaita mafundi, wakakichimba nyuma ya nyumba yetu, upande wa minazi, wakakijengea kwa mawe ya matumbawe. Akatangaza mtaa mzima kwamba maji ni bure kwa kila mtu, mradi mchotaji aseme, "Mungu amrehemu." Hakuna neno alilolipenda kuliko hilo. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba anasuka ukili wa mikeka, masikio yakiwa kisimani. Mtu akichota kimya kimya, humwita: "Hee, wewe! Mwenye maji umemsahau?"

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mama yangu alitenda, akakaa hapo hapo kuulinda.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwetu na talaka yangu, sina mtoto, sina kazi ila kuteka maji, kufagia na kusikiliza maneno ya mama. Ilikuwa kabla ya Wadachi kuja kupandisha bendera yao, miaka ile pembe za ndovu ziliposhuka kutoka bara mabegani mwa watu, na mji ukijaa wapagazi hata kupita njiani ni kusukumana.

Taka za mji wetu zilikuwa na njia zake. Kila nyumba ilikuwa na jaa lake. Vifuu na makumbi ya nazi vilikauka hapo, vikachomwa. Matumbo ya samaki waliyamaliza kuku. Vilivyozidi tulivipeleka pwani vikangojea maji ya bamvua, yale makubwa, yakavichukua. Jaa likizeeka, watu walianzisha jingine, na pale pa zamani wakapanda maboga. Nayo yalikuwa maboga makubwa kweli, usiulize yamekula nini.

Utaratibu huo waliuvunja wapagazi. Au niseme kweli, uliuvunja wema wa mama. Zamani misafara ilipiga kambi mbali na sisi. Habari za maji ya bure zilipowafikia, wakahamia kwenye minazi yetu. Nani atawalaumu? Mtu ametembea miezi na pembe begani, asikie maji ya bure, apite? Wakachinja pale, wakapika pale, wakaugua na kujisaidia pale pale. Kila msafara uliacha mifupa, matumbo ya ng'ombe, vitambaa vya vidonda, na safari moja mzoga mzima wa punda, tumbo juu. Jaa letu likawa kilima. Upepo ukivuma kutoka huko, wali ulikuwa hauliki.

Majirani wakaanza kunong'ona. Mama alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi, aliyefagia uwanja kisha akaufagia tena, na kuambiwa nyumba yake inanuka kulimchoma kuliko matusi. Akamwita mjomba, ndugu yake mdogo aliyekuwa akilima Mlingotini.

"Nichimbie shimo," alimwambia. "Refu, likumeze wewe mwenyewe."

Mjomba alilichimba karibu na kisima, upande wa juu, kwenye mchanga laini, kwa kuwa ndipo palipochimbika upesi. Tukawa kila msafara ukiondoka tunakusanya uchafu wote, tunausukuma ndani, naye anafunika kwa mchanga. Shimo likijaa, anachimba jingine kando yake.

Lo, tulivyojisifu! Harufu ikakatika, nzi wakapungua, na wale wale walionong'ona wakaja kutazama na kusifu. "Kilichofukiwa kimekwisha," mama alisema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kimekwishia wapi.

Masika yalipopita, maji ya kisima yakabadilika. Yalikuwa na ladha ya kutu, kama umelamba jembe, na ukiyaacha mtungini mpaka asubuhi yaliweka utando juu. Nikamwambia mama.

"Kilichobadilika ni ulimi wako," alinijibu. "Tangu uachwe, kila kitu kwako kibaya."

Ah, niliumia! Nilinuna siku nzima, na maji nikayanywa hivyo hivyo.

Kisha watu wakaanza kuharisha. Walianza wapagazi, tukasema ni uchovu wa safari. Wakafuata watu wa mtaani. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shoga wa mama tangu usichana, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyempata uzeeni. Mtoto yule aliharisha, akalegea, akafa. Tulikwenda msibani tukampikia shoga yetu na wageni wake, na maji ya kupikia tuliyateka kisimani kwetu.

Maneno yakazuka. Wengine walisema kisima kimepata jicho baya, wengine kwamba kimeingiwa na shetani na sasa anataka chake. Mjomba alisema kifungwe kwanza, mama akamjia juu. "Marehemu huko aliko anangoja dua za wanywaji, na wewe unataka nimkatie? Mume wangu hakuacha mtoto wa kiume wa kumwombea, wala hakuacha mali. Ana kisima hiki tu!" Alikuwa akilia kwa hasira, na mjomba akanywea.

Mama akaona bora isomwe hitima pale pale kisimani. Mbuzi akachinjwa, Kurani ikasomwa, watu wakala wakashiba. Matumbo ya mbuzi tukayafukia shimoni. Hata leo nikikumbuka hilo sijui nicheke au nijipige kichwa ukutani.

Kiangazi kilipokaza maji yakashuka, ikawa wakati wa kuzoa tope la kisima. Mjomba alishuka kwa kamba, mimi na mama tukabaki juu kuvuta ndoo za tope. Alipofika chini kabisa, tukamsikia akiita.

"Dada! Ukuta unatoka jasho."

"Jasho gani tena?"

"Jeusi. Na ni upande wa shimo tu, kwingine kukavu."

Akatupandishia mchanga wa upande ule. Mama aliuchota kwa vidole, akaunusa, akaninyoshea mkono nami ninuse. Ilikuwa harufu ya jaa letu, ile ile iliyotufanya tusile, imepita chini kwa chini mpaka kwenye maji. Mama alikaa topeni na nguo yake safi. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo.

Mjomba alipopanda alimhurumia. Alikuwa mtu mpole, na alichosema alikisema kwa mapenzi. "Dada, mashimo nitayahamisha. Masika mawili matatu yatasafisha maji, na kisima cha shemeji kitabaki. Hakuna anayejua ila sisi watatu."

"Watatu?" mama akasema. "Na Mungu umemweka wapi?"

Mjomba aliinama akakung'uta tope miguuni.

"Kifukie," mama akasema.

"Na shemeji je?"

Mama aliinuka kutoka topeni. "Shemeji yako hakuniusia niue watu kwa ajili yake."

Alioga, akabadili nguo, akaniambia nimfuate. Tulipiga hodi kwa jirani tukamkuta anachambua mchele. Mama hakukaa. Alimweleza yote, tangu jaa mpaka shimo, tangu shimo mpaka jasho jeusi la ukuta, bila kujitetea hata mahali pamoja. Nilimwonea fahari, na nilitamani ardhi inimeze. Mwisho akasema, "Nimekuja kuomba radhi yako."

Jirani aliweka ungo chini. Alitutazama kana kwamba tumesema naye kwa lugha ya ng'ambo.

"Alipozidiwa," akasema taratibu, "nilimnywesha hayo hayo. Kutwa kucha. Nilisema ni maji ya sadaka, yana baraka."

Mama akapiga magoti. Walilia wote wawili, nami nikalia kwenye mlango, nikiwa sijui niingie au nitoke. Jirani alipotulia, alimshika mama mikono akamwinua.

"Mimi nimekusamehe, shoga yangu, kwa Mungu nimekusamehe. Ila haki ya mwanangu si yangu. Hiyo siwezi kukupa, atakudai mwenyewe mbele ya Mungu."

Akachukua ungo, akaendelea na mchele wake. Tukaondoka.

Kesho yake mjomba alikifukia kisima kwa mchanga wa pwani, na mawe ya matumbawe akayapeleka Mlingotini. Wapagazi wakahama minazi yetu kwa kukosa maji. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipomaliza kusali aliomba kwa sauti, nami nikimsikia. Kila thawabu aliyoitarajia, ya sala, ya saumu, ya sadaka, aliiombea imfikie kwanza mtoto wa jirani. Baba alipewa kilichobaki.