Kuinama Mpaka Kwenye Kona

Kwa miaka arobaini na mmoja Sumie aliuza achari ya figili katika uchochoro wetu hapa Kyoto, na mimi nikauza majani ya chai mkabala naye. Mteja wake akishanunua, Sumie alimfuata hadi nje, akainama, asiinuke mpaka mteja apotelee kwenye kona. Naye mteja akifika pale kwenye kona hugeuka, akainama pia. Ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa maduka.

Nilikuwa nikimtania. "Sumie, mgongo huo utakatika! Achari ya yeni mia nne, heshima ya mfalme?"

"Nyamaza, Tokuzo. Umeshinda na majani makavu mpaka roho nayo imekauka."

Kisha wakaja wageni na masanduku yao ya magurudumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini aliyepona ni mimi. Wenyeji walichoka kubanwa, wakaanza kununua kwingine. Sumie alibakiwa na mteja mmoja wa zamani, Mama Ogino, mjane wa miaka themanini na sita, aliyekuja kila Alhamisi na kikapu chake.

"Huyu akiacha kuja, nafunga," Sumie aliniambia. "Siwezi kutengeneza achari ya kupigwa picha."

Mimi nilianza kuuza aiskrimu ya chai. Kabla ya kuanza nilimpelekea Sumie boksi la keki, kumwomba radhi mapema kwa usumbufu, kama desturi inavyotaka. Nilijua fika kwamba akishalipokea hatalalamika tena. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Riziki ni riziki, jirani. Usijali."

Foleni yangu ikapita mlangoni kwake na kufika mpaka kwenye kona.

Alhamisi moja ya Novemba, Sumie alimsindikiza Mama Ogino nje, akainama. Wageni wakatoa simu kumpiga picha. Kule kwenye kona bibi wa watu akasimama ghafla na kugeuka, kama alivyogeuka miaka yote. Waliokuwa nyuma yake hawakutarajia mtu asimame pale. Wakamvaa, akaangukia masanduku, nyonga ikavunjika. Kelele zilipoanza, Sumie alikuwa bado ameinama.

Tulikwenda hospitali pamoja. Mama Ogino alijitahidi kuinua kichwa kwenye mto.

"Sumie, mwanangu, nisamehe. Siku ile sikuwahi kukuinamia."

"Usiseme hivyo, Mama. Mimi ndiye niliyekufanya ugeuke."

Foleni ilikuwa yangu, na wote watatu tulilijua hilo. Nilitazama viatu vyangu. Mpaka leo naona aibu.

Mama Ogino alifariki kabla ya mwaka mpya, na Sumie akafunga duka. Siku ya mwisho alipita mlango kwa mlango akiwaaga majirani. Kwangu alileta boksi la keki, kutoka duka lile lile nilikonunua langu.

"Nimewasumbua miaka mingi," akasema.

"Sumie, mimi ndiye..."

"Wateja wako wanasubiri, Tokuzo."

Akaondoka. Niliacha aiskrimu ikiyeyuka, nikatoka nje na aproni yangu, nikainama. Niliinama mpaka kiuno kikauma, wageni wakicheka na kupiga picha. Nilipoinuka nikatazama kwenye kona. Sijui kama aligeuka. Foleni yangu ilikuwa imeiziba.