Koleo na Sikio la Kulia

"Mnamlaumu mtu kwa kosa la kisanduku!" Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni kwa meneja, bisibisi mkononi, wala hakuwa na mpango wa kushusha sauti. "Kina nafasi nne nyuma, zote mmeziacha zimezibwa kwa vibati. Halafu mnasema mzee hasikii!"

"Hasikii," meneja akajibu. "Jumamosi iliyopita mwongozaji alimwambia mara tatu anyamaze, tangazo liingie. Yeye akaendelea kutangaza kona yake. Jumamosi hii akikosea tena, mpira atausikilizia nyumbani."

"Kazi yangu itakujibu," wifi akasema, akageuka.

Huyo ndiye Koleo, mke wa kaka yangu, fundi mitambo wa kituo cha redio ambako mimi hufanya usafi. Aliitwa Koleo kwa sababu akishika jambo haachii. Siku kaka alipomleta nyumbani, alikuja na mfuko umejaa nyaya, mama akauliza huyu ni mchumba au ni fundi wa redio. "Vyote viwili, mama," akajibu mwenyewe. Kabla chai haijachemka, redio ya mama iliyokaa bubu mwaka mzima ilikuwa inaimba.

Kisanduku alichokigombania ni kidogo, unene wa kitabu tu, hukaa mezani mbele ya mtangazaji. Kina kitufe cha kufungua maiki, kitufe cha kukohoa bila wasikilizaji kujua, na kingine cha kusema na mwongozaji aliye nyuma ya kioo. Kiwandani huziacha zile nafasi za nyuma tupu kwa makusudi, kila kituo kichague matundu na kadi kinazotaka. Chetu kilichaguliwa vumbi. Nalijua, mimi ndiye ninayelipangusa.

Mzee Sauti, mtangaza mpira wetu, alikuwa na sikio bovu la kushoto na siku zote alilificha. Koleo peke yake ndiye aliyeambiwa. Kelele za uwanja na sauti ya mwongozaji zilimwagwa pamoja kwenye masikio yote mawili, na lile zima likalemewa. Tena plagi ya hedifoni zake ilikuwa ya pini tano, kisanduku kina tundu la pini nne, kwa hiyo waliunga kwa kipande kilichofungwa utepe. Kikitikiswa kidogo, mwongozaji anapotea.

Kadi ya kutenganisha sauti Koleo aliikuta stoo, bado iko kwenye mfuko wake. Tundu la pini tano halikuwepo, na kuagiza ni mwezi mzima. Akaenda kuliomba kwa Bwana Ngurumo, anayekodisha spika za mikutano.

"Nakuazima," Bwana Ngurumo akasema. "Jumatatu nalitaka, zima, si vipande."

"Jumatatu."

Ijumaa mchana Koleo alifungua vibati, akachomeka kadi, akalehemu tundu. Mwongozaji amsemeshe mzee kulia, kelele za uwanja ziende kushoto ambako hazitamsumbua mtu. Tukamkalisha mzee. Mwongozaji akasema kwenye maiki yake: "Mzee, ukinisikia inua mkono."

Mzee akabaki anatabasamu na kioo.

Koleo akamvua hedifoni, akazivaa mwenyewe. Akaziba sikio hili, akaziba lile. Halafu akajipiga paji la uso. Alipokuwa anafunga alikaa nyuma ya kisanduku, akahesabu kulia kwa mkono wake yeye. Kwa aliyekaa mbele, hiyo ni kushoto. Mwongozaji wa watu alikuwa anapiga kelele kwenye sikio lililokufa.

"Wifi," nikamwambia, "kaka alioa fundi au mbabaishaji?"

"Alioa mtu anayerudia kazi yake. Shika tochi, na huo mdomo uupumzishe."

Akageuza viungio viwili vya kadi, akakaza skrubu. Mwongozaji hakumaliza hata neno, mkono wa mzee ulikuwa juu.

Jumamosi nilijifanya napiga deki nyuma ya kioo, karibu na mwongozaji. "Tangazo, sekunde tano," mwongozaji akasema, na Mzee Sauti akafunga sentensi yake taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Matangazo kumi na moja, yote yaliingia kwa wakati wake. Goli la mwisho alilitangaza amesimama. Meneja akaja, mikono mifukoni.

"Mzee, wiki ijayo mechi ni saa kumi. Usichelewe." Kisha akamgeukia Koleo: "Na vile visanduku vingine viwili tulivyo navyo?"

"Nunua kadi, nitakufungia. Ila safari hii uniulize kabla ya kununua."

Jumatatu Koleo alikwenda kwa Bwana Ngurumo mikono mitupu. Kuling'oa tundu kungemrudisha mzee kwenye utepe.

"Sikuja nalo," akasema moja kwa moja. "Nimeagiza jipya. Nipe mwezi."

Bwana Ngurumo alikuwa anakunja nyaya. "Lile la mechi ya juzi ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Basi liache huko huko. Jipya likija, weka kwenye kisanduku kingine. Sikudai."

"Asante, kaka."

"Nini?" Spika nyuma yake zilikuwa zinanguruma. "Sikusikia!"

"Nimesema asante!" Koleo akapaza. "Na wewe nikufungie kadi?"