Jina Lililomponyoka Wambeti

Wambeti binti Riungu hakuwa mwanamke wa kutishwa. Wanaume watatu walipeleka pombe ya posa kwa baba yake, na wote watatu wakarudi na vibuyu vyao. Watu wakasema atazeekea jikoni kwa mamake. Waseme mpaka wachoke! Hawakujua kwamba moyoni alikuwa na mtu wake, Naftaly mwana wa Gitari, mwanamume mpole kupita kiasi. Tangu wazungu watangaze Dharura kwa ajili ya vita vya msituni na kuwahamishia wote katika kijiji kimoja chenye ulinzi nje ya Runyenjes, Naftaly hakuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu.

Siku moja ya soko, askari walikamata wanawake. Mama mmoja kijana, akisukumwa kwenye lori, alitumbukiza kitoto chake cha kiume katika kiondo cha Wambeti, juu ya viazi vitamu.

"Nishikie," akasema, na lori likaondoka.

Basi Wambeti akarudi kijijini, viazi chini, mtoto juu. Kwenye daraja la handaki lililozunguka kijiji alisimama Ishmael, hedimani aliyewekwa na wazungu, na walinzi wake, homugadi wawili wenye bunduki. Ishmael alikuwa na sheria yake: mtoto asiye na baba pale kijijini ni wa watu wa msituni, na huchukuliwa. Watoto wawili walikuwa wamekwenda hivyo, wala hakuna aliyewaona tena.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Mbona hatukuona tumbo?"

"Kwa njaa hii uliyotufungia hapa, Mzee, ulitaka uone tumbo la nani?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Ishmael hakucheka. "Anaitwaje?"

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu, kifungua mimba wa kiume huitwa babu yake, baba wa baba. Msichana akizalia nyumbani, mtoto huchukua jina la baba wa msichana. Wambeti alikusudia kusema Riungu, kisha apigane na yatakayofuata. Lakini mdomo husema yaujazayo moyo. Kwa miaka alikuwa amelala na jina moja, jina la mtoto ambaye angemzaa siku moja, na ndilo lililotoka.

"Gitari."

Foleni nzima ikamgeukia. Kijijini Gitari alikuwa mmoja tu, na mwanawe asiye na mke alikuwa mmoja tu. Wambeti aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakuinamisha kichwa.

Naftaly akatolewa handakini alikolazimishwa kuchimba, matope mpaka kiunoni. Ishmael akamnyooshea kidole mtoto. "Mwanamke huyu amemwita Gitari. Ni kweli?"

Naftaly akamtazama Wambeti. Wambeti hakumkonyeza wala hakumsihi. Alimkazia macho tu, amemkumbatia mtoto, na kwa mara ya kwanza maishani aliogopa.

"Mzee," Naftaly akasema taratibu, "baba yangu anaitwa nani?"

"Gitari."

"Sasa mtu mwenye jina la baba yangu utamwuliza ni wa nani?"

Ishmael alimwongezea kazi ya handaki mpaka mvua zikaisha, kwa kosa la kuficha mtoto. Jioni hiyo Naftaly alikuja mlangoni kwa Wambeti na mzigo wa kuni.

"Sikukuita," Wambeti akasema.

"Umeniita mbele ya kijiji kizima. Mimi nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia."

"Umechelewa kulitafuta. Shika huyu, amelowa."

Akamshika vibaya, kama gunia la mahindi, wakacheka wote wawili.

Kila wanawake waliporudishwa kutoka kambini walikofungwa, Wambeti alisimama langoni, amemfunua mtoto uso, ili mama yake wa kumzaa amwone. Moyo ulimwuma, lakini alisimama. Hakuna aliyemtambua mtoto. Dharura ikaisha, handaki likafukiwa, na Gitari mdogo akakua, akaja kusikia maneno ya watu.

"Mama, ni kweli hukunizaa?"

"Nani kasema? Nilikuzaa kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya bunduki mbili. Na aliyesema hivyo mlete hapa, nimzae na yeye."