Kuku Kumi wa Mama Usafi

KILO ISHIRINI NA NUSU! Kuku kumi, wiki tano tu, kilo ishirini na nusu! Jamani, mizani nusura ing'oe msumari, na Mama Usafi akapiga kigelegele mpaka jirani akatoka na sabuni usoni.

Haya, turudi nyuma.

Mama Usafi ni msafishaji wa zahanati. Jina alipewa na wenzake kazini na amelistahili: ukitua kikombe mezani kwake, hujameza funda, yeye ameshakiosha. Nyumbani, kwenye chumba cha nyuma, anafuga kuku wa nyama. Mafungu mawili ya kwanza yalimwangusha vibaya. Kuku wanahara, maranda ya mbao yaliyotandazwa chini yanalowa, siku ya kuuza ukimshika kuku ni kama umeshika mwavuli. Na mumewe, Fundi wa redio, anakitamani chumba hicho balaa, maana redio za watu zimejaa mpaka chini ya kitanda.

"Mke wangu, tukubaliane," Fundi akasema siku vifaranga wa fungu la tatu walipoingia. "Wiki ya tano nachagua kuku kumi mwenyewe. Wakifika kilo ishirini, chumba chako. Wasipofika, redio zinahamia."

"Na wakifika usinune."

"Mimi? Nitawabeba mgongoni!"

Safari hii Mama Usafi alinunua unga wa bakteria wazuri, wale wanaokaa tumboni mwa kuku wakasaidia chakula kisagike na kuku anenepe. Muuzaji akamwambia achanganye kwenye maji kila asubuhi. Akachanganya kwa moyo wote. Siku ya kumi na mbili anapima: vifaranga bado ngumi tu, maranda chepechepe. Nje, Fundi anapiga mluzi huku anapima dirisha kwa tepu!

Asubuhi hiyo hiyo akaja wifi yake, dada wa Fundi, muuza mtindi. Akamkuta Mama Usafi ameinamia ndoo.

"Wifi, unapika nini?"

"Maji ya wanangu. Naweka dawa ya maji kwanza, matone kumi, kama kazini. Halafu unga huu."

Wifi akaichukua pakiti, akaisogeza karibu na macho. "Hapa wameandika bakteria hai. Hai, wifi!"

"Si nimesoma?"

"Na dawa ya maji kazi yake nini?"

"Kuua bak..." Kijiko kikadumbukia ndooni.

Weee! Wifi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chakula. "Unaalika wageni halafu unawamalizia mlangoni! Mimi chungu changu kikibaki na dawa hiyo, maziwa hayagandi hata niyaimbie."

"Usimwambie kaka yako, tafadhali."

"Simwambii. Lakini kuku mmoja wangu, tena mnene!"

Toka siku hiyo maji yakawa yanachemshwa, yanafunikwa, yanapoa kabisa, ndipo unga unaingia. Vyombo akiviosha kwa dawa, anavisuuza mpaka harufu inakwisha. Maranda yaliyolowa akayatoa yote, akatandaza mapya. Baada ya siku nne kinyesi kikaanza kushikana. Cheka tu, lakini mfugaji akiona kinyesi kikavu anafurahi kama aliyepata mchumba.

Wiki ya tano ikafika. Fundi akaingia mwenyewe, anawatafuta wa pembeni, wale wembamba wembamba.

"Mbona unachagua wagonjwa?" Mama Usafi akalalamika.

"Mgonjwa gani? Huyu kanipiga bawa la uso!"

Wakawatia kwenye wavu mmoja mmoja. Kuku wa tisa, mshale uko kumi na nane na robo. Mama Usafi kafumba macho. Wa kumi akaingia... na hapo ndipo kile kigelegele.

Fundi akatazama mshale, akautazama tena, akachomoa tepu mfukoni.

"Unapima nini tena?" Mama Usafi akang'aka. "Si tumekubaliana?"

"Napima ukuta, mke wangu. Wanono hawa hawatoshi humu. Nawaongezea futi sita."

"Na redio zako?"

"Zikae chini ya kitanda. Zimeshazoea."

Unamjua mtu anayefuga kuku na kuwachanganyia bakteria hai kwenye maji yenye dawa? Mtumie hii leo, tafadhali.