Neno la Berocan

Niliondoka Bunia mwaka 2012 kwa sababu dada yangu Berocan alikuwa anakufa Brussels na hakuna aliyemwelewa. Kiharusi kilimfutia Kifaransa na Kiswahili, kikamwachia Kialur tu, lugha tuliyokulia nayo Mahagi. Binti yake Nadine, aliyezaliwa hukohuko Ubelgiji, hajui hata salamu ya Kialur.

Viza ilinichukua wiki tatu. Nilizihesabu kwa hasira, siku baada ya siku.

Asubuhi niliyotua, Nadine alinipokea uwanjani, macho mekundu.

"Maman mudogo, tangu augue hasemi kitu ingine. Ni pipi, pipi tu. Ba-infirmière banamuletea bassin ya kukojolea, mais hakojoe."

Pipi, kwa Kifaransa cha watoto, ni mkojo.

Hatukupitia hata kwake Etterbeek. Saa tano tulikuwa hospitalini. Chumba kilikuwa safi, na maua dirishani. Berocan alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Alikuwa na dripu mkononi, na wauguzi walidhani inamtosha. Muuguzi mmoja, mama mpole kabisa, akaingia na beseni lake. Dada akageukia ukutani.

"Pi," akasema. "Pi."



"Haombi kukojoa," nikamwambia Nadine. "Pi ni maji. Ana kiu."

Nadine alijishika mdomo. "Trois semaines, maman mudogo. Wiki tatu!"

Muuguzi alipoambiwa alilia kuliko sisi. Alinionyesha namna ya kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko ili asipaliwe. Berocan alikimung'unya kile kijiko, hataki kukiachia.

"Afoyo," akaniambia. Asante.

Alifariki siku ya nne, nasi tukamzika hukohuko. Tulipokuwa tunamnunulia kitenge cha kumvika, kwenye maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre, Nadine aliniuliza, "Juu ya nini hakunifundisha?" Nilimkasirikia marehemu, kisha nikaona haya. Mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana kwamba Kialur hakitawapa watoto wetu kazi.

Nilirudi Bunia jioni ya Jumamosi, mavumbi mpaka kwenye nywele. Binti yangu mkubwa, ninayeishi naye na ambaye ndiye atakayeniuguza, alinipokea koti na mkoba. Nikaketi.

"Niletee pi," nikamwambia.

Alisimama mlangoni akiniangalia.

"Pi ni nini, maman?"