Nilitandika nyasi bwenini Njombe, nikaitwa mchafu: term yangu kwenye baridi

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, nawasalimu nyote, wa mjini Bukoba na sisi wa migombani Muleba. Haya yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi. Anayebisha ajibu hapahapa gazetini tumsome.

Juma lililopita bwana mmoja wa Bakoba, pale Bukoba mjini, aliandika kwamba mwanamke mwenye mtoto asipelekwe masomoni mbali, eti atarudi mtoto hamjui.

Niliisoma nikimenya bitoke, ndizi zetu za kupika. Nikaweka kisu chini nikatafuta kalamu.

Bwana, mimi nilikwenda. Sikiliza.

Chuo chetu cha ualimu kilipatana na chuo kimoja cha Njombe wabadilishane msichana mmoja mmoja kwa term moja. Nikachaguliwa mimi. Mwanangu Mutalemwa alikuwa na mwaka na nusu, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Mume wangu alimgeukia mama yake. Mamamkwe ndiye aliyesema, "Nenda, waitu. Mtoto nitambeba. Ila usinilaumu akija kumwita mwingine mae."

Mae kwetu ni mama. Neno hilo nilisafiri nalo.

Meli hadi Mwanza, treni hadi Dodoma, kisha basi, siku mbili za vumbi. Kila tulipopanda mlima nilivaa gauni jingine juu ya lile la kwanza. Nilifika nimevaa sanduku zima.

Wakuu, sisi Bukoba tukisema baridi tuna maana ya mvua. Kule baridi haina mvua. Jua linawaka, na wewe unatetemeka chini yake. Wasichana wanaongea na moshi unawatoka kinywani. Asubuhi ya kwanza nilidhani chuo kizima kinavuta sigara.

Nikataka kujua kila kitu. Kwa nini viazi vinastawi na mgomba unakataa? Kwa nini kuku hawafi kwa baridi ile? Wakanibatiza Mwalimu Kwa Nini.

Kilichonishinda ni sakafu. Saruji tupu. Kwetu, nyumba isiyotandikwa nyasi mbichi ni ya mvivu, na mgeni hakalishwi mahali patupu.

Basi Jumamosi moja alfajiri nilichukua mundu nikaenda nyuma ya jiko. Nyasi zilikuwa nyeupe. Nikasema mpishi kamwaga unga. Nikagusa, vidole vikauma kama nimeshika kaa la moto. Nikalamba.

Maji! Umande ulioganda. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilikata, nikazianika juani hadi umande ukauke, nikatandika bweni zima kwa mpango, kama mamamkwe alivyonifundisha. Wenzangu wakavua viatu wakakaa chini. Hakuna aliyetaka kuinuka.

Matron, Mzungu mmoja mrefu, akasimama mlangoni akauliza nani ameleta zizi ndani. Nikajibu ni mimi, na si zizi, ni heshima. Akaniamuru niziondoe kabla ya chakula, na akasema ataandika kwenye report yangu kwamba sijazoea usafi.

Nilifagia nikilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nimemwacha mtoto kwa ajili ya karatasi, halafu karatasi yenyewe iniite mchafu?

Sasa, yule msichana niliyebadilishana naye, Otilia, alikuwa chuoni kwetu, na Jumapili alikuwa akienda kwa mamamkwe kunisalimia mtoto. Akawaandikia wenzake wa bwenini. Barua ilisomwa mezani, Matron yupo.

"Walinitandikia nyasi mbichi kama bibi harusi. Sijawahi kupewa heshima hii popote."

Matron aliacha kukoroga chai. Radhi hakuomba. Jumamosi iliyofuata aliuliza tu nani anakwenda kukata nyasi, na kwenye report neno la usafi sikuliona.

Lakini barua ilikuwa na mstari wa mwisho. "Na Mutalemwa siku hizi ananiita mae."

Meza nzima ilicheka. Hapo ndipo nilipoijua baridi, wakuu.

Nilirudi term ilipoisha. Mwanangu alijificha nyuma ya bibi yake. Nikamwita, akalia. Nikataka kumvuta, mamamkwe akanishika mkono.

"Mwache. Nenda kakate nyasi."

Nikakata. Nikatandika, nikakaa chini kama mgeni.

Akachungulia. Akanirushia unyasi mmoja. Nikamrudishia. Akarusha konzi nzima ya nyasi, zikaniingia kichwani. Sikujikung'uta. Baadaye akaja mwenyewe kunitoa nyasi kwenye nywele, mmoja mmoja, amekunja uso kama karani.

Mae hakusema siku hiyo. Alisema siku ya nne, akitaka ndizi mbivu.

Nilichojifunza ni kidogo: ukiona watu wanafanya jambo usilolielewa, uliza kwanza, ndipo ufagie. Kama yupo msomaji mwingine aliyelamba umande ulioganda, aandike, maana hapa Muleba hawaniamini.

Nawe bwana wa Bakoba, ni kweli, mwanangu alinisahau. Siku nne.

Katika barua yako umejisifu kwamba ulifanya kazi Dar es Salaam miaka miwili bila kurudi nyumbani. Wanao walikutambua siku ya ngapi?

Hilo hukuliandika. Liandike, tunasubiri.

Mama Mutalemwa,
Muleba