Buti za Kipa wa Kagio

Hapana, sifungi. Jumamosi kibanda yangu itakuwa wazi kuanzia asubuhi, na mchezaji wa Kagio, hao wapinzani wetu, akikuja na buti imefunguka nitamshonea kama mtu mwingine yeyote. Ati nimenunuliwa? Muriithi, hiyo neno umenitolea mbele ya watu, na ingekuwa ile miaka ingine saa hii ningekuwa nimekushika kola. Weka hiyo ngoma chini. Keti hapo kwa debe.

Wewe umeimbia hii timu mwaka moja na nusu. Mimi nimeanza kuishangilia nikiwa na miaka kumi na tisa, na hata siku moja sijaingia darasa ya hii chuo. Kushona nilijifunza mwenyewe, nikibomoa viatu za baba nione vile zimeshikana, na yeye akinichapa. Nikaweka sanduku yangu hapa kando ya uwanja, nikashona buti ya kila mchezaji amepita hapa. Hawa ni wangu. Kwa hivyo nikikuita mwanangu usicheke, hata kama nimekushinda na miaka kumi tu.

Sikiza basi, mwanangu. Kuna siku moja naikumbuka kila nikitia uzi kwa sindano.

Ilikuwa fainali, hapa nyumbani, sisi na hao hao wa Kagio. Baridi ya Julai, unajua vile inakuwanga. Mlima haionekani, manyunyu tangu asubuhi, nyasi imelowa mpaka ukikanyaga inatoa sauti. Guka Ndiritu, ule mzee alikuwa anachunga uwanja, alikuwa amechora laini na unga ya mbao kutoka karakana, na kila saa anazunguka na ndoo akiongeza. Sisi tulianza kuwaimbia wageni wakishuka kwa basi. Tuliwaita wauza nyanya, juu kwao ni soko ya nyanya. Wao wakatuuliza kama tutacheza na blanketi ama tutaziacha kwa benchi. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Siku hizi watu wanatukanana kwa simu. Zamani ilibidi umwangalie mtu kwa macho.

Kipa wao alikuwa anaitwa Gachoki. Mrefu, mwembamba, miguu kubwa kama jembe. Alitunyima bao tatu za wazi. Halafu kabla tu ya mapumziko, buti yake ya kulia ikafunguka. Soli yote ikabaki inaning'inia kwa kisigino. Wenzake hawakuwa na buti ya kumtosha.

Filimbi ya mapumziko ikilia akanikimbilia, buti kwa mkono.

"Fundi, nisaidie. Ni kushika tu hapa mbele."

Niliangalia hiyo buti. Kazi ya dakika tano. Sindano ilikuwa kwa mapaja yangu, na uzi ndani.

Nikamwambia, "Sindano imevunjika."

Akaangalia sindano. Na mimi nikaiangalia. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari, unanijua. Lakini alisema tu, "Haya, fundi." Akavua na ile ingine, akazipanga zote mbili kando ya sanduku yangu. "Niangalilie, tafadhali. Watu wako wasiende nazo." Akarudi uwanjani miguu tupu. Refa akamuuliza kama ataweza, akaitikia na kichwa.

Vijana wetu walinipiga mgongo. Nilijiona mkubwa. Nilijiona nimefunga bao.

Guka Ndiritu alikuwa hapo karibu na ndoo yake. Alikuwa ameskia yote.

"Wewe fundi."

"Ee, Guka."

"Timu yetu ni mbaya?"

"Hapana, Guka. Hakuna ingine kama hii."

"Sasa kwa nini unaogopa kiatu moja?"

Akachukua ndoo akaenda kuchora laini. Hakungoja nijibu. Guka alishatuacha.

Kipindi ya pili Kagio wakatufunga. Moja. Tukawasukuma mpaka wote wakajaa mbele ya goli yao, na Gachoki anaruka tu kwa hiyo matope, miguu imekuwa nyekundu kama nyama. Karibu mwisho tukapata penalti. Karanja ndiye alipiga, kapteni wetu, na buti nilikuwa nimemshonea mwenyewe Alhamisi. Alipiga vizuri. Gachoki alikuwa ameshaenda upande ingine, lakini akaacha mguu nyuma. Kutoka hapa niliskia mpira ikigonga ngozi. Paa. Kama mtu amepigwa kofi.

Mpira ikatoka nje. Halafu nyuma yangu mtu wetu mmoja, wa kutukana kuliko wote, akasema polepole, kama mtu anang'olewa jino, "Huyo ni mwanaume." Mwingine akapiga makofi. Tukapiga sote, nyuso tumekunja, hakuna mtu anataka kuangalia mwenzake. Mimi nilipiga na sindano bado kwa mkono.

Mechi ikaisha hivyo. Akakuja kuchukua viatu zake, anachechemea.

"Fundi, sindano imepona?"

Watu wetu wangecheka siku ingine. Hawakucheka. Nikamwambia, "Imepona. Lete." Nilishona hiyo buti mara mbili kuzunguka. Akaivaa, akagonga chini, akasema, "Sasa mwaka ujao hii itawasumbua."

Nikamwambia, "Kuja nayo. Kuja na zote mbili."

Muriithi, kushindwa haikuniuma vile unafikiria. Kitu iliniuma ni hii: kama Karanja angefunga, singewahi kujua kama ni mguu yake imeshinda ama ni uongo yangu. Ningekuwa nimewaibia watu wetu ushindi na wao hata hawajui. Hiyo ndiyo ningeita kuuza timu.

Kwa hivyo imba, mwanangu. Waite wauza nyanya mpaka sauti ikauke, wao wenyewe wanapenda. Chukia goli zao. Lakini mtu akikuja kucheza na sisi, acha acheze na viatu zote mbili, na akifanya kitu kubwa, piga makofi hata kama uso imekataa. Hiyo haipunguzi hata kidogo upendo wako kwa hii chuo.

Mungu akuwekee hiyo sauti. Akupe magoti ya kuruka hapa mpaka uwe na mvi, na siku ukishindwa, ushindwe na watu wa maana.

Sasa chukua ngoma yako, na kabla uende unijibu kile mimi nilishindwa kumjibu Guka: hii timu yetu unaiamini, ama unaiogopea tu?